Kipimo Kisicho na Mgeni Rasmi

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa ina sheria kali dhidi ya wanaoitaja bila kibali. Ni nchi nzuri. Ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko wa jirani yeyote, ina Wizara ya Hewa na Upepo Mwanana, na ina mji mkuu ambao ukianika shati jeupe asubuhi, jioni unalianua likiwa la kijivu. Wenyeji wa mji huo wamezoea. Mtoto wao akichora jua shuleni hutumia penseli ya kahawia, na mwalimu humpa vema.

Siku moja moshi wa mji huo ulizidi, hata Waziri wa Hewa alipokuwa akihutubia taifa kutoka roshani akashindwa kuona kama kuna watu wanaomsikiliza. Akaunda Tume. Tume ilikaa, ikanywa chai, ikachunguza vyanzo vya moshi kimoja kimoja. Kiwanda cha saruji kilikuwa cha shemeji yake mtu, kwa hiyo ikaonekana kwamba hakitoi moshi, kinatoa vumbi la maendeleo. Mabasi chakavu yalikuwa ya mtu mwingine, ambaye hata shemeji zake hawatajwi. Jalala linalowaka mwaka mzima lilikuwa la serikali yenyewe, na serikali haiwezi kujichafua. Ndipo mjumbe mmoja, aliyekuwa amesinzia juu ya kitabu cha wataalamu wa ng'ambo, alipoamka na kusoma sentensi iliyokuwa chini ya shavu lake. Ilisema kwamba miti nayo hutoa gesi.

Kitabu kiliendelea, nasikia, kwa kurasa nyingi. Kilieleza kwamba gesi hizo ndizo harufu ya msitu, kwamba zimekuwepo tangu dunia iumbwe, na kwamba huleta shida pale zinapokutana na moshi wa magari na viwanda. Lakini Tume ilikuwa imeshapata ilichokitafuta, na chai ilikuwa imekwisha.

Redio ikatangaza. Kila msitu nchini utapimwa pumzi yake. Utakaoonekana unapumua kupita Kiwango cha Taifa utapumzishwa. Neno hilo limo katika kamusi ya serikali, na maana yake ni kukatwa wote mpaka visiki.

Katika wilaya yetu msitu ulikuwa umebaki mmoja.

*

Unaitwa Kwemkulo, na umekaa juu ya kijiji chetu kama kilemba. Chini yake hutoka chemchemi, chemchemi hujaza mfereji, na mfereji hupita bustani kwa bustani mpaka nyumba ya mwisho. Ukiondoa msitu umeondoa maji. Hilo hatukuhitaji kuhubiriwa, kwa kuwa jirani zetu wa Kwembago waliukata wa kwao, na sasa wanakuja kwetu na madumu.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya msitu. Cheo hiki sikupewa kwa sababu ya mvi. Nilisoma shule ya usiku nikiwa tayari ni baba wa watu, nikaanza na herufi nikamalizia na kemia, na mpaka leo naweza kukueleza kaboni ni nini bila kushika kitabu. Kwa hiyo tangazo lilipotoka sikutetemeka. Nilimwambia mke wangu kwamba kupimwa ni jambo la sayansi, na sayansi haina shemeji.

"Sayansi haina," alisema Nasemba, akiosha karoti zake mferejini. "Na hao wanaoibeba je?"

*

Aliyeibeba alikuwa Bi. Tusekile, mtaalamu kutoka mji mkuu, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya matope na maneno machache. Aliniamkia shikamoo kabla ya kutaja cheo chake, nikajua tutaelewana. Sandukuni mwake mlikuwa na mfuko wa plastiki angavu, mkubwa kama wa kufunikia suti, pampu ndogo, na vijibomba vya chuma virefu kama kidole.

Alinieleza kazi yake tukiwa tumesimama chini ya mkulo mkubwa, mti ambao gome lake hunukia kama dawa ya kikohozi. Unavisha mfuko kwenye tawi lenye majani. Unaufunga shingoni kwa upole. Pampu inavuta hewa iliyopumuliwa na majani, hewa inanaswa ndani ya kijibomba, kijibomba kinapelekwa maabara, na maabara inatoa namba.

"Basi?" niliuliza.

"Basi. Ila Mzee, kuna sharti. Msitu usiguswe. Si siku hiyo, wala jana yake, wala juzi yake. Ukikata tawi, ukifyeka, ukikwaruza gome, mti unamwaga harufu kuliko kawaida yake mara nyingi sana. Ndivyo unavyolia. Nikiupima ukiwa unalia nitapata namba ya kilio."

Nilielewa papo hapo. Nawe msomaji umeelewa, maana umewahi kupita mahali palipofyekwa majani asubuhi. Bi. Tusekile aliinua uso, akanusa kidogo, akasema kwamba Kwemkulo ukipimwa umetulia utakuwa chini ya Kiwango bila wasiwasi.

"Nahitaji siku moja tu tulivu," alisema.

Tukaichagua siku hiyo. Kisha yeye, kama mtumishi mwaminifu, akatoa taarifa wilayani.

*

Hapa inabidi nieleze desturi ya nchi ile, maana mgeni anaweza kudhani ni wazimu. Kule jambo halifanyiki, linazinduliwa. Choo cha shule kikikamilika hakiingiwi mpaka aje mgeni rasmi akate utepe, na wanafunzi hujifunza subira mapema. Na pale anapokuja mgeni rasmi sharti pasafishwe. Majani yafyekwe, matawi yapunguzwe yasiguse kofia ya mtu, mawe yapakwe chokaa, na miti ipakwe chokaa mpaka kiunoni. Viongozi wa nchi ile wamesafiri sana ndani ya nchi yao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona mti ambao haukuwa mweupe chini. Nafikiri wanaamini ndivyo unavyoota.

Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Kasongwa, hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa dhati. Alitaka Kwemkulo ufaulu kuliko nilivyotaka mimi, kwa kuwa wilaya ikifaulu mkuu wake hupandishwa cheo. Aliposikia kuna kipimo cha kitaifa alifurahi, akajiteua mgeni rasmi, akapeleka kikosi cha vijana wenye makwanja, mapanga na pipa la chokaa.

Nilimfuata ofisini kwake nikitweta.

"Mheshimiwa, mtaalamu amesema msitu usiguswe."

"Karibu kiti, Mzee Sembuche. Wewe ukienda kupimwa hospitali, huogi?"

"Naoga, Mheshimiwa."

"Unavaa nguo chafu?"

"Sivai."

"Basi na msitu nao uoge. Unataka daktari aushike hivyohivyo?"

Watu waliokuwa ofisini walicheka kwa adabu. Jibu nililipata, lakini lilinijia nikiwa nusu ya njia ya kurudi nyumbani, kwamba mtu akienda kupimwa presha hapigwi viboko getini. Niligeuka. Nilipofika ofisini Mheshimiwa alikuwa ameshaondoka kwenda kukagua chokaa.

Siku ya kipimo Kwemkulo ulinuka mpaka njia panda. Utomvu ulitiririka kwenye vidonda vya matawi, majani yaliyofyekwa yalilala marundo marundo, na mikulo ilinuka kama duka la dawa lililovunjwa. Mheshimiwa alivuta pumzi kwa kuridhika. "Mnasikia?" aliwauliza wageni waliokaa chini ya turubai. "Usafi huo."

Bi. Tusekile alisimama na mfuko wake mkononi kama mtu aliyefika kwenye harusi akakuta msiba. Alimwendea Mheshimiwa akamwambia kwamba siku hiyo haipimiki. Mheshimiwa akamwonyesha ratiba. Kipengele cha Kupima kilikuwa kati ya ngoma na neno la shukrani, na ratiba ilikuwa imeshapigwa chapa.

Akapima. Namba iliyotoka ilipita Kiwango kama mlingoti unavyompita mtoto.

*

Kwa kuwa nchi ile ni ya haki, msitu uliofeli huruhusiwa marudio. Bi. Tusekile aliandika ripoti nzito yenye ombi moja, nalo ni kwamba safari hii pasifyekwe. Mheshimiwa Kasongwa aliisoma kwa makini, akaelewa kwamba kasoro ilikuwa kwenye kufyeka. Hapakufyekwa sawasawa.

"Tulifanya haraka," aliniambia kwa masikitiko, akiwa amenishika bega. "Kosa ni langu, Mzee wangu. Safari hii tutauosha."

Wakauosha. Walileta sabuni ya maji yenye harufu ya limau, ile ya kusugulia sakafu za ofisi, wakaichanganya kwenye matangi ya kunyunyizia dawa ya kahawa na kupuliza mashina na majani mpaka povu likashuka mferejini. Nasemba alirudi na karoti zake zikinuka limau.

"Zimeshasafishwa na serikali," alisema. "Kula tu."

Kwa kuwa lilikuwa rudio, utaratibu ulitaka kila mti utakaopimwa uwe na namba ya usajili. Namba ziliandikwa kwenye vibati, na vibati vikagongelewa kwa misumari, maana gundi haikuonekana kuwa na heshima. Na kwa kuwa rudio ni kubwa kuliko kipimo cha kwanza, mgeni rasmi naye alitakiwa awe mkubwa zaidi. Akaja Waziri wa Hewa mwenyewe.

Waziri alipanda jukwaani, akaomba akatiwe tawi, akalipunga hewani. "Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu mmeambiwa miti ni uhai. Mimi sipingi. Lakini hata mwizi yuko hai. Harufu hii mnayoisikia ndiyo inayotuzibia jua kule mjini. Inatoka hapa usiku na mchana, bila leseni."

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, kwa kuwa nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

Maabara ilishangaa. Ripoti yake ilisema kwamba msitu huu wa milimani umezidi Kiwango kuliko mara ya kwanza, na kwamba, kwa sababu zisizojulikana, unatoa harufu ya malimau. Redio ikautangaza Kwemkulo kuwa msitu sugu.

*

Bi. Tusekile alikuwa amebakiwa na likizo yake. Akaitumia kuja kwetu. Alichagua Sikukuu ya Hewa Safi, siku ambayo watumishi wote wa wilaya huwa uwanjani tangu alfajiri wakisubiri gwaride, na hakuna anayebaki wa kusafisha kitu. Mvua zilikuwa zimenyesha. Chokaa ilikuwa inabanduka, vidonda vya miti vimefunga, na majani mapya yalikuwa yamechipua mekundu kama kawaida ya mkulo.

Tulipanda polepole bila kuvunja kijiti. Akavisha mfuko. Tukakaa kando, mimi na yeye na Nasemba aliyekuja na viazi vya kuchemsha, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze hapakuwa na hotuba. Pampu ilinguruma kama nyuki mmoja. Ndani ya mfuko jasho la majani lilijikusanya matone madogo. Nilimweleza Nasemba habari za kaboni. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

Namba ilitoka chini ya Kiwango, tena chini sana, kama alivyosema tangu mwanzo. Niliposomewa kwa simu nilivua kofia.

Bi. Tusekile aliipeleka Wizarani mwenyewe. Huko alipokewa na Mkurugenzi wa Uthibitisho, na baadaye Bi. Tusekile alinisimulia mazungumzo yao neno kwa neno.

"Mgeni rasmi alikuwa nani?" aliuliza Mkurugenzi.

"Hakuwepo, Mkurugenzi."

"Aliwakilishwa na nani?"

"Hakuwakilishwa."

"Utepe?"

"Hapakuwa na utepe. Palikuwa na mti, mfuko na pampu."

Mkurugenzi aliirudisha karatasi kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayesukuma mende. "Dada yangu, wewe ni msomi. Kipimo kisicho na mgeni rasmi ni uvumi."

Wakamhamishia kituo cha utafiti wa misitu kilichoko jangwani.

*

Kilichobaki kilikuwa Kipimo cha Mwisho, na baada yake misumeno. Hapo ndipo nilipotumia akili yangu, ambayo sikuiokota barabarani. Nilisimama kwenye mkutano wa wilaya nikatoa hoja. Kipimo cha kwanza kiliongozwa na Mkuu wa Wilaya. Rudio likaongozwa na Waziri. Je, Kipimo cha Mwisho kinaweza kuongozwa na mtu mdogo kuliko Waziri? Ukumbi ulisema haiwezekani. Je, mtu mkubwa kuliko Waziri ni nani, kama si Kiongozi Mkuu mwenyewe? Ukumbi uliinua macho kwenye picha yake ukutani. Nikauliza kama yupo ndugu anayeona kwamba Kiongozi Mkuu hahitajiki. Hakuna aliyemwona ndugu huyo.

Ikapita bila kupingwa. Msitu hautapumzishwa mpaka Kiongozi Mkuu aje kuupima, na kila mtu katika nchi ile anajua kwamba Kiongozi Mkuu huja wiki ijayo, kila wiki.

"Leo umesema," aliniambia Nasemba tukirudi, na kwa mwanamke yule hiyo ni hotuba ndefu.

Nilijivuna kwa muda. Kisha ikatangazwa tarehe ya ziara. Kikosi kikapanda na makwanja, wakafyeka, wakapunguza matawi, wakapaka chokaa. Ziara ikaahirishwa. Majani yakajaribu kuchipua, ikatangazwa tarehe nyingine. Wakapunguza tena, safari hii juu zaidi, kwa sababu za usalama wa Kiongozi, asije akadondokewa na tawi. Ziara ikaahirishwa. Wakapanua njia ya magari ya msafara. Wakang'oa vichaka ambavyo adui angeweza kujificha. Walinzi walitaka kuona toka shina mpaka shina, basi matawi ya katikati nayo yakaenda, halafu ya juu, ili helikopta isisumbuke.

Nilikwenda kwa Mheshimiwa Kasongwa kila mara. Kila mara alinikaribisha kiti.

"Mti gani umekatwa, Mzee? Nionyeshe mmoja. Amri inasema msitu usikatwe mpaka kipimo, nami nailinda amri hiyo kwa nguvu zote. Yote imesimama."

Na kweli yote ilikuwa imesimama.

*

Ajabu ni kwamba Kiongozi Mkuu alikuja. Kukawa na ving'ora, na kwaya, na watoto waliovalishwa majani ya plastiki kuwakilisha mazingira. Bi. Tusekile aliletwa kutoka jangwani kwa sababu ndiye peke yake nchini aliyejua kutumia pampu. Alikuwa amekauka uso. Aliniamkia, akafungua sanduku, akatoa mfuko, akageuka kuutazama msitu.

Palikuwa na mashina, marefu, meupe kutoka chini mpaka ncha, maana chokaa ilikuwa imeletwa nyingi na isingefaa irudi. Kila shina na kibati chake. Hapakuwa na jani.

Alizunguka na mfuko mkononi, shina hadi shina, wakati kwaya ikirudia kibwagizo kwa kukosa ishara ya kunyamaza. Mwishowe alirudi mahali nilipokaa.

"Mzee," alisema taratibu, "niufunge wapi?"



Mheshimiwa Kasongwa, aliyeona Kiongozi Mkuu anatazama saa, alinong'ona kwa ukali kwamba popote panatosha. Bi. Tusekile akapanda ngazi ya wapaka chokaa, akauvisha mfuko kwenye ncha ya shina la mkulo mkubwa, ule tuliosimama chini yake siku ya kwanza. Akawasha pampu. Hapakujikusanya tone.

Safari hii maabara ilikuwa imeletwa pamoja na msafara, kwenye gari lake, ili Kiongozi asisubiri. Namba ikatoka. Ilikuwa karibu na sifuri kiasi kwamba mpiga chapa aliuliza kama iandikwe.

Bi. Tusekile aliisoma mara mbili. "Ni sahihi," aliniambia. "Haulii tena."

Vigelegele vikapigwa. Kiongozi Mkuu alisema hajawahi kuona msitu wenye nidhamu kama ule. Akaagiza kwamba Kwemkulo usikatwe kamwe, uwe hifadhi na mfano, na kwamba misitu yote iliyobaki nchini iandaliwe vivyo hivyo. Mheshimiwa Kasongwa alipandishwa cheo palepale, akanitafuta kwenye umati, akanikumbatia na machozi yakimtoka. Nami nilipewa cheti, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nimeulinda. Kina mhuri na kina jina langu lote, na halina kosa.

Nilishuka nacho nyumbani nikikishika kwa ncha za vidole, kisichafuke. Nilimkuta Nasemba bustanini.

"Tumefaulu," nilimwambia.

Hakugeuka. Alikuwa amesimama katikati ya mfereji, amevaa viatu, na viatu vilikuwa vikavu.